Neno "Umesasishwa" katika Simu Kuukuu

Neno sasisha limekwisha kuingia katika lugha, na sisi hatuna ugomvi na umbo lake. Limeundwa kutokana na sasa, kama vile hakikisha lilivyotokana na hakika, na rahisisha na rahisi. (Wenyeji wa Masasi watatuwia radhi kwa wingi wake, masasisho.) Pakua nalo lina kwao: mtu wa Newala, aliye mbali na bandari, alilijua kwa chungu cha ugali kabla ya kulijua kwa shehena. Sakinisha ni zito zaidi, ingawa mwenye kulifahamu neno maskani hatapotea sana.

Lawama yetu ni juu ya kauli moja ambayo simu huiandika mwenyewe anapotafuta toleo jipya la programu: kwamba mfumo wake "umesasishwa".

Katika Kiswahili, -me- pamoja na kauli ya kutendwa hueleza kwamba tendo limefanyika na yuko aliyelitenda. Nguo ikiwa imefuliwa, yuko mfuaji. Mkulima wa korosho katika Uwanda wa Juu wa Makonde, mwenye simu iliyotengenezwa mwaka 2013, akisoma neno hilo ana haki ya kuamini kwamba simu yake imeshughulikiwa. Kumbe mtengenezaji alikwisha kuiacha zamani. Simu imeuliza kama kuna kipya, imejibiwa kwamba hakuna, nayo imeandika maneno ya kutuliza. Kiingereza kilichofasiriwa hapo kilieleza hali, tena hali yenyewe ya kutiliwa shaka. Mfasiri akaigeuza kuwa tendo, na upotofu ukazidi.

Si mchezo wa maneno huu. Simu hiyo ndiyo inayopokea fedha za mauzo ya msimu, na masahihisho ya usalama yakikoma, mianya inayogunduliwa baadaye hubaki wazi. Oktoba 2023 WhatsApp iliacha kufanya kazi katika simu zenye Android iliyo chini ya toleo la 5. Simu ya namna hiyo yaweza kuwa iliandika "umesasishwa" siku ile ile.

Sisi tungependekeza: "Hakuna toleo jipya kwa simu hii", pamoja na tarehe ya sasisho la mwisho. Wafasiri watajibu kwamba kioo ni kidogo. Lakini tarehe hiyo tayari imeandikwa katika simu nyingi, ndani kabisa ya mipangilio, mahali ambapo wachache hufika.