Mwanga, Shata na Ukweli wa Picha

Husemwa kwamba kamera haidanganyi. Neno hili lafaa kupimwa kabla ya kukubaliwa, na mahali pa kulipimia ni Nachingwea, wilaya yenye kata ya Naipingo. Huko, na pia Kongwa na Urambo, Serikali ya Uingereza ilijaribu kilimo kikubwa cha karanga kuanzia 1947. Mradi ulianguka mwaka 1951, na hasara yake ilifika karibu paundi milioni 36.

Katika kamera ya filamu, shata ni pazia dogo lifunguliwalo kwa muda uliochaguliwa. Leica ya kwanza kuuzwa, ya mwaka 1925, iliweza kulifungua kwa sehemu ya ishirini ya sekunde hadi sehemu ya mia tano. Muda ukipunguzwa kwa nusu, mwanga nao hupungua kwa nusu; tundu la lenzi hupanuliwa ili kufidia. Hesabu ni nyepesi. Uamuzi ndio mzito.

Trekta lang'oa visiki. Likipigwa picha kwa 1/500, vumbi huganda hewani na chuma huonekana kimetulia kama kimeegeshwa. Kwa 1/30, magurudumu hufifia, na nguvu huonekana. Picha ya kwanza ni safi zaidi. Ya pili ni kweli zaidi. Walakini jua kali la mchana halimpi mpiga picha uhuru. Kwa filamu ya ASA 100, hata tundu likibanwa mpaka 16, shata hutakiwa iwe karibu na 1/100. Kwa 1/30 filamu hupata mwanga zaidi ya mara tatu ya haja yake. Aghalabu hana budi kungoja jua lipungue.

Liko jambo kubwa kuliko hilo. Kando ya trekta amesimama kibarua, na kofia imeutia uso wake kivuli. Kipimo kikifuata anga jeupe na chuma king'aacho, mashine hutoka vizuri na mtu hubaki weusi usio na macho. Kikifuata uso, shata hufunguliwa kwa muda mrefu zaidi: anga hupotea, mtu hupatikana. Kwa hiyo mhakiki asitosheke na usafi wa picha. Aulize mwanga ulipimwa kwa ajili ya nani.

Kushindwa kwa mradi kulichukua miaka. Shata huchukua sehemu ya sekunde. Trekta laweza kupendeza pichani na karanga zisistawi shambani. Kamera haidanganyi, wala haichagui. Achaguaye ni mtu, naye ndiye wa kuulizwa.