"Madhara Yasiyotarajiwa": Uhakiki wa Istilahi za Dawa za Maumivu

Maneno "madhara yasiyotarajiwa" yamezoeleka mno katika tafsiri zinazohusu dawa. Makala haya yanayahakiki kwa kutazama kundi moja tu, yaani mofini, pethidini na fentanili, dawa zitumiwazo kutuliza maumivu wakati wa upasuaji na baada yake.

Kwanza, yasiyotarajiwa na nani? Kichefuchefu, mwasho wa ngozi, kufunga choo na mkojo kukataa kutoka ni mambo ambayo mtaalamu wa nusukaputi huyatazamia. Asiyeyatarajia ni mgonjwa ambaye hakuelezwa. Hata lile la ajabu zaidi, yaani dawa hizi kuzidisha maumivu badala ya kuyatuliza, limekwisha kuandikwa vitabuni. Aidha, "athari" ni badiliko lolote liletwalo na dawa, liwe jema au baya, ilhali "madhara" ni baya tu. Kwa hiyo "athari zisizotakiwa" ni istilahi sahihi zaidi.

Pili, athari iliyo kubwa kupita zote hutafsiriwa "upungufu wa pumzi". Msomaji hufikiria mtu anayetweta na kuhangaika. Kumbe mgonjwa aliyezidiwa na mofini hahangaiki. Hupumua polepole, kisha polepole zaidi, mpaka pumzi zikome. Tunapendekeza "kufifia kwa pumzi".

Tatu, neno "usingizi" limebebeshwa mzigo usio wake. Nusukaputi huitwa usingizi, na kuzidiwa na mofini nako huitwa usingizi. Mama wa Mlandege, mjini Iringa, anayemwuguza mwanawe aliyepasuliwa, akiambiwa "amelala", atanyamaza ili mtoto apumzike. Lakini akiambiwa "amezidiwa na dawa iwapo haamki unapomwita", atamwita mwuguzi mara moja. Ipo dawa ya kutangua hali hiyo, naloksoni, ila haimfai mgonjwa ambaye wote wamedhani amelala tu.

Wapo watakaosema kuwa tahadhari hizi zitawatia watu hofu. Kwa maoni yetu, hofu huletwa zaidi na tafsiri ya nne, "dawa za kulevya", ambayo humweka mgonjwa wa upasuaji katika kundi moja na mhalifu. Mofini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha ya kwanza ya mwaka 1977. Kiswahili kina neno "afyuni" tangu zamani. Basi na tuseme "dawa za jamii ya afyuni". Neno "jamii" litazichukua pia pethidini na fentanili, ambazo hutengenezwa viwandani wala hazitoki katika mmea.

Istilahi ya tiba haipimwi kwa ulinganifu wake na lugha ya kigeni peke yake. Hupimwa pia kwa jambo atakalolitenda msomaji baada ya kuisoma. Wafasiri na walimu wa wauguzi hawana budi kuanzia hapo.