Maadili na Dhamana: Tunafundisha Nusu ya Somo

Mwanachuo akiulizwa miiko ya uongozi hujibu bila kusita, kwa kufuata Azimio la Arusha la mwaka 1967: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni ya kibepari, asiwe mkurugenzi wake, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Jibu ni sahihi. Lakini linahusu mfuko wa kiongozi tu, nasi wakufunzi tumeridhika nalo mno.

Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, vyombo vya Dola viliwakamata watu kwa tuhuma za mauaji ya vikongwe waliodhaniwa kuwa wachawi. Baadhi yao waliteswa, na wengine wakafa wakiwa kizuizini. Mapema mwaka 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ndugu Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu. Vivyo hivyo Ndugu Peter Siyovelwa, waziri aliyehusika na usalama, na wakuu wa mikoa hiyo miwili. Hakuna aliyedai kuwa Waziri alimpiga mtu, wala hisa na nyumba havikutajwa. Aliwajibika kwa kuwa waliotenda walikuwa chini ya dhamana yake.

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, ibara ya 15, ulikwisha kukataza kiburi, dharau na uonevu wa viongozi. Wafanyakazi waliuelewa upesi kuliko makada: katika migomo iliyofuata waliwasomea mameneja ibara hiyo hiyo. (Na wako waliofukuzwa kazi, hilo nalo tusilifiche darasani.)

Wengi husema uozo ulianza Februari 1991, Halmashauri Kuu ya Taifa ilipolegeza masharti ya uongozi huko Zanzibar. Tunakubali kwamba mlango ulifunguliwa. Lakini Mwenyekiti wa Chama wakati huo alikuwa Ndugu Mwinyi yule yule wa mwaka 1977. Anayedhani kwamba miiko ya mali na kuwajibika ni kitu kimoja atueleze hilo.

Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inamtaka kiongozi atamke mali na madeni yake. Vema. Fomu hiyo lakini haimwulizi ni nani aliyeumizwa na watu walio chini yake, na yeye alichukua hatua gani. Swali hilo ni la kikao, tena ana kwa ana. Tunapendekeza kisa cha mwaka 1977 kiwe swali la lazima katika mitihani yetu.