Ufundi wa Kutosadiki Upesi

Kazi ya kutunga kamusi naiheshimu kuliko kazi nyingi za kalamu, kwa kuwa msingi wake ni kutosadiki upesi. Mtunga kamusi halipi neno maana kwa sababu ndivyo alivyofundishwa shuleni, wala haliamini sikio lake mwenyewe. Anataka ushahidi: nani alilitumia neno, katika kitabu gani, mwaka gani, akikusudia nini.

Chukua kivumishi cha Kiingereza incredulous. Humsifu mtu aliyeambiwa jambo likakataa kumwingia akilini. Macho yake, hata sauti yake, huweza kusifiwa vivyo hivyo. Jambo lenyewe lisilosadikika lina kivumishi chake, incredible. Walimu hukazania mpaka huo, na wana haki: leo hii ukiandika kwamba habari ni incredulous, wengi watasema umekosea.

Ila mtunga kamusi haishii kwenye kanuni. Katika tamthilia ya Shakespeare, Twelfth Night, anamkuta mhusika Malvolio akilitumia neno hilohilo kwa jambo, si kwa mtu. Afanyeje? Hamsahihishi Shakespeare, wala hamfichi. Kamusi ya Merriam-Webster inaiorodhesha maana hiyo pia, na kueleza kwamba ilitoweka kwa muda mrefu, ikaibuka tena karne ya 20. Msomaji amepewa kanuni na historia yake. Akichagua, anachagua akijua.

Uadilifu wa namna hiyo hula umri wa mtu. James Murray alikabidhiwa uhariri wa kamusi kuu ya Kiingereza ya Oxford mwaka 1879. Katika bustani ya nyumba yake mjini Oxford alijenga banda la mabati, ndani yake vishubaka zaidi ya elfu moja. Wasomaji wa kujitolea walimletea vikaratasi kwa posta: neno limeandikwa pembe ya juu kushoto, kisha tarehe, mwandishi, kitabu na ukurasa, halafu sentensi yenyewe kama ilivyochapwa. Vilifika kwa mamilioni. Murray alifariki mwaka 1915, na kamusi ikakamilika mwaka 1928.

Kijana anayependa lugha na mwenye subira, ningemshauri aitazame kazi hii kabla ya nyingine yoyote. Haina shangwe, na aghalabu jina la fundi halijulikani. Lakini kila tunapofungua kamusi na kuliamini tunalolisoma, tunaweza kufanya hivyo kwa sababu yupo mtu aliyekataa kuliamini mpaka alipooneshwa.