Mkuki wa Finehasi na Agano la Amani

Katika Kitabu cha Hesabu, sura ya 25, mna habari ambayo msomaji mwenye moyo mwororo huipita upesi, na msomaji mwenye hasira huisoma mara mbili. Ni habari ya Finehasi, mwana wa Eleazari, mjukuu wa Haruni kuhani. Waisraeli walikuwa wamepiga hema zao Shitimu, wakanaswa na wanawake wa Moabu, hata wakamsujudia Baali wa Peori. Tauni ikaingia kambini. Na Musa na mkutano walipokuwa wakilia mlangoni pa hema ya kukutania, Zimri, mkuu mmoja wa kabila la Simeoni, akamleta binti wa Kimidiani mbele ya macho yao. Finehasi akaondoka, akatwaa mkuki, akawafuata, akawachoma wote wawili. Tauni ikakoma, lakini watu 24,000 walikuwa wamekwisha kufa. Kisha Mungu akamwahidia Finehasi agano la amani.

Mkuki na amani vimekutanaje? Wako wanaojibu kwa wepesi, kwamba mwenye bidii ya dini akitenda kwa ukali hulipwa amani kuwa mshahara wake. Jibu hili nalihofia sana. Mtu akilishika, atatoka ibadani akimtafuta jirani wa kumchoma, na asipokuwa na mkuki atatumia ulimi. Kwa hiyo yafaa tuwaulize walimu wa Kiyahudi, waliotutangulia kukisoma kitabu hiki, nao walivyoifahamu habari hii. Kisha tuipime tafsiri yao.

Kwanza tutazame jinsi inavyosomwa. Wayahudi huisoma Torati katika masinagogi sehemu kwa sehemu, Sabato kwa Sabato, mpaka imalizike kwa mwaka mmoja. Sehemu iitwayo Balaki hukoma penye mkuki na hesabu ya waliokufa. Ahadi ya amani hungoja Sabato ifuatayo. Basi msikilizaji huenda nyumbani ameiona damu, wala hajasikia neno la kumsifu aliyeimwaga. Juma zima hukaa na jambo hilo moyoni. Kwangu mimi mpango huo peke yake ni mahubiri.

Pili, tutazame sheria yao. Mishna, iliyokusanywa yapata mwaka 200, yataja kwamba mwenye wivu wa dini aweza kumpiga papo hapo mtu atendaye kama Zimri. Lakini Talmud ya Babeli imeizungushia ruhusa hiyo ua wa miiba. Mwenye wivu akija kwa waamuzi kuuliza kama apige, hawamwambii apige. Kama Zimri angalikuwa amekwisha kuliacha tendo lake, kisha Finehasi akamwua, Finehasi angalistahili kuuawa. Na kama Zimri angaligeuka akamwua Finehasi, asingalihukumiwa, kwa kuwa alikuwa akijiokoa na mtu anayemwinda. Nayo Talmud ya Yerusalemu yaongeza kwamba wenye hekima hawakupendezwa na tendo lile, hata wakataka kumtenga Finehasi na mkutano, ila sauti ya roho takatifu ilitangulia kumtetea.

Naona akili nyingi katika maneno haya. Sheria hiyo humnyima mwenye bidii kila kitu ambacho mwenye bidii ya uongo hukitafuta: ruhusa ya wakubwa, sifa za watu, na ulinzi wa baraza. Atendaye kwa ajili ya nafsi yake hutaka kwanza awe salama, kisha ndipo awe mwenye haki. Mithali yetu husema, mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu. Walimu hawa walitaka anayeinua mkuki ajue kwamba ncha yake imemwelekea yeye pia. Tena Kiebrania hutumia neno moja kwa bidii ya dini na kwa wivu wa mume au wa jirani. Nasi katika Biblia yetu ya Kiswahili twasoma hapo neno wivu. Wivu kwa ajili ya Mungu na wivu wa mtu kwa mwenziwe huvaa nguo moja. Ni nani atakayeutofautisha, ikiwa aliyeuvaa mwenyewe hujidanganya?

Wayahudi hawakuogopa jambo la kubuni. Yapata mwaka 167 kabla ya Kristo, kuhani Matathia alimwua Myahudi aliyekuja kutoa dhabihu ya kipagani, na Kitabu cha Kwanza cha Wamakabayo chamfananisha na Finehasi. Lakini mwaka 70 baada ya Kristo, Warumi walipouzingira Yerusalemu, wenye bidii ndani ya kuta walikuwa wakiuana wao kwa wao, hata akiba ya nafaka ya mji ikateketea. Na walimu waliofuata walipouliza kwa nini Hekalu lilibomolewa, hali watu wa siku zile walijifunza Torati na kuzishika amri, walijibu kwamba ni kwa sababu ya kuchukiana bure.

Jibu hilo lilichukuliwa mbele na mwalimu Naftali Zvi Yehuda Berlin, aliyefariki mwaka 1893, mkuu wa chuo cha Volozhin katika Urusi ya zamani, mji ulio leo katika nchi ya Belarus. Katika tafsiri yake ya Torati, iitwayo Ha'amek Davar, asema kwamba watu wa siku za Hekalu la pili walikuwa watauwa na wenye elimu, walakini hawakuwa wanyofu katika kuishi na wenzao: kila aliyemcha Mungu kwa njia isiyokuwa yao walimdhania kuwa mzushi, na kwa dhana hiyo wakafikia kumwaga damu. Na afikapo kwa Finehasi, aeleza kwamba mtu auaye kwa mkono wake, hata kama ni kwa ajili ya Mungu, hubaki na ukali moyoni. Kwa hiyo Mungu alimbariki kwa amani, yaani moyo wake utulie, asiwe mtu wa hasira. Amani ile haikuwa mshahara. Ilikuwa dawa.

Je, tafsiri hii yakubaliana na maandiko, au ni huruma ya mzee wa chuo iliyobandikwa juu yake? Yapasa tuseme kweli. Maandiko yamsifu Finehasi waziwazi, tena kwa kuwa aligeuza ghadhabu ya Mungu isiwaangamize watu. Tena sura ya 31 ya Hesabu yamwonyesha akienda vitani na jeshi juu ya Midiani, na mwisho wa Kitabu cha Waamuzi aonekana akimwuliza Bwana kwa ajili ya vita juu ya Benyamini. Asomaye kwamba Finehasi alikuwa mpole tangu siku ile asoma asichoandikiwa. Hapo tafsiri ya Volozhin haitoshi yenyewe.

Walakini iko sura moja inayoitetea vizuri, nayo ni ya 22 katika Kitabu cha Yoshua. Wareubeni, Wagadi na nusu ya kabila la Manase walijenga madhabahu kubwa karibu na Yordani. Israeli wote wakakusanyika Shilo wakiwa tayari kupigana nao. Wakamtuma kwanza nani? Finehasi, pamoja na wakuu 10. Wajumbe wakanena kwa ukali, wakawakumbusha hata dhambi ya Peori. Kisha wakanyamaza, wakasikiliza. Wale wakajibu kwamba madhabahu ile si ya dhabihu, bali ni ushahidi, watoto wao wasije wakaambiwa siku moja kwamba hawana sehemu katika Bwana. Finehasi akakubali neno lao, akarudi, na vita havikutajwa tena.

Angalieni jambo hili, ndugu wasomaji. Mtu ni yule yule. Wivu wake kwa Mungu haukupungua, kwa maana hakwenda kuwaambia kwamba ibada ya sanamu ni kitu kidogo. Kilichoongezeka ni sikio. Huko Shitimu hapakuwa na la kuuliza. Dhambi ilikuwa mbele ya macho ya wote. Kando ya Yordani palikuwa na jiwe juu ya jiwe, na dhana. Mwenye bidii asiyejisahau nafsi yake angaliona aibu kurudi bila ushindi. Finehasi alirudi na habari njema tu, akatosheka.

Nasi tutakapoisoma habari ya mkuki mbele ya watu, tusifunge kitabu hapo. Tufungue na Yoshua 22, tuisome siku ile ile, kabla msikilizaji yeyote hajamfikiria jirani yake.