Haki Kuonekana: Kosa la Tafsiri Moja

Miongoni mwa misemo ya sheria iliyoingia katika Kiswahili kwa njia ya tafsiri, mmoja unaotajwa mara nyingi ni ule usemao kwamba haki si itendeke tu, bali ionekane imetendeka. Asili yake ni maneno ya Lord Hewart, Jaji Mkuu wa Uingereza, katika hukumu ya mwaka 1923. Tafsiri hii ni fupi na yapendeza masikioni, lakini ina kasoro mbili.

Kwanza, neno "onekana" lina maana mbili. Mlima huonekana, yaani macho huufikia. Na mgonjwa huonekana amepona, ingawa pengine homa ingalimo mwilini. Msomaji akishika maana hii ya pili, atadhani kwamba mahakama yatakiwa kuvaa sura ya haki tu. Lord Hewart alilizuia kosa hili kwa kutaka kuonekana huko kuwe dhahiri na pasipo shaka. Mfasiri ameyaacha maneno hayo.

Pili, "imetendeka" huelekeza macho kwenye mwisho wa kesi, hali lililobishaniwa lilikuwa mwenendo wake. McCarthy alishtakiwa kwa kuendesha pikipiki kwa hatari, baada ya ajali barabarani. Kaimu karani wa mahakama alikuwa wakili katika ofisi iliyomwakilisha mtu mwingine wa ajali ile ile, aliyekuwa akimdai McCarthy fidia. Mahakimu walipokwenda faraghani kushauriana, karani alifuatana nao. Hakusema neno juu ya kesi, wala hawakumwuliza; hata hivyo hukumu yao ilitanguliwa. Haikulazimu kuthibitisha kuwa haki ilipotoshwa. Ilitosha kwamba waliobaki nje ya mlango ule walikuwa na sababu ya kushuku.

Kwa hiyo "ionekane ikitendeka" yafaa zaidi, kwani -ki- huonyesha tendo liendelealo mbele ya macho ya watu.

Waswahili hawakungoja tafsiri ili kulijua jambo hili. Methali ya kesi ya ngedere kupelekwa kwa nyani haisemi kwamba nyani alihukumu vibaya. Hukumu haitajwi kamwe. Udugu wa mwamuzi na mdaawa watosha kuondoa imani. Lakini methali nayo ina upungufu: haielezi shaka ya nani ihesabiwe, na kila ashindwaye humwona hakimu wake kuwa nyani. Katika kesi ya Porter na Magill ya mwaka 2001, Baraza la Malodi la Uingereza lilitumia kipimo cha mtazamaji mwenye insafu, aliyekwisha kuzijua habari za kesi. Kwa kipimo hicho, shaka yenye sababu hutengwa na uchungu wa kushindwa.

Kosa la kiambishi kimoja laweza kudhaniwa dogo. Lakini mwananchi aliyefundishwa kwamba haki ni sura tu hatakuwa na sababu ya kuiamini mahakama, hata siku itakapohukumu sawasawa.