Mstari Usiovunjwa: Zaburi ya Kihabeshi na Somo la Ushairi

Mwalimu mwenzangu, makala haya yalianza kwa kosa langu mwenyewe. Muhula mmoja niliwatungia wanafunzi wa Kidato cha Tatu mtihani wa ushairi. Karatasi zilikuwa haba, nami nikaona ni busara kulipanga shairi katika safu mbili nyembamba ili maswali yote yaenee ukurasa mmoja. Lilikuwa shairi la tarbia: mishororo minne kila ubeti, mizani kumi na sita kila mshororo, ukwapi na utao. Safu zikawa nyembamba mno. Kila mshororo ulikatika, utao ukashukia mstari wa chini. Nilipouliza idadi ya mishororo katika ubeti, wengi waliandika minane, nami nikawakata alama bila kusita. Baada ya kipindi binti mmoja aliniletea karatasi yake na kuniuliza kwa adabu, "Mwalimu, tulitakiwa kuhesabu ulichotuandikia au ulichokusudia?"

Swali hilo lilinikaa kichwani kwa muda mrefu kuliko nadharia nyingi za uhakiki nilizosoma chuoni. Sisi walimu wa fasihi tumezoea kugawanya utungo katika mafungu mawili, maudhui na fani, na tunapofika kwenye fani tunataja vina, mizani, tamathali na uhuru wa mshairi. Namna shairi linavyokaa juu ya karatasi hatuihesabu popote. Tunaiona kuwa kazi ya mpiga chapa. Nia yangu hapa ni kukushawishi, msomaji, kwamba umbo la ukurasa ni sehemu ya fani, na ushahidi wangu nautoa mahali ambapo huenda hukutarajia: katika kitabu cha Zaburi cha Waethiopia, kilichonakiliwa kwa mkono juu ya ngozi.

Kutoka hapa Laare hadi Ethiopia si safari ya ajabu. Ukishuka kutoka milima ya Nyambene hadi Isiolo, ukashika barabara ya Marsabit, utafika Moyale, na ng'ambo ya mpaka ni nchi ya watu walioandika vitabu kwa lugha yao na kwa hati yao kwa zaidi ya miaka elfu moja na mia tano. Lugha hiyo ni Kige'ez. Haizungumzwi tena majumbani, lakini hadi leo ndiyo lugha ya ibada katika makanisa ya Tewahedo ya Ethiopia na Eritrea. Hata hivyo, nilipotaka mfano wa kuwaonyesha wanafunzi sikufunga safari. Nilikwenda saiba mjini Maua nikachapa picha kadhaa kutoka katika intaneti. Miswada mingi ya Ethiopia imepigwa picha: maktaba ya Hill huko Minnesota, Marekani, ilishiriki katika mradi ulioanza mwaka wa 1973 ambao hatimaye ulihifadhi maelfu ya miswada katika filamu.

Kwanza hati yenyewe, kwani mwalimu wa Kiswahili ataipenda. Kige'ez kina konsonanti 26, na kila moja ina maumbo saba kulingana na irabu inayoifuata. Hivyo kuna herufi za msingi 182, na herufi moja kwa kawaida ni silabi moja. Fikiria jinsi somo la mizani lingekuwa jepesi kama Kiswahili kingeandikwa hivyo! Mwanafunzi angehesabu herufi tu. Ila tahadhari: umbo la sita la kila konsonanti huweza kusimama bila irabu. Jina la Daudi, Dawit, huandikwa kwa herufi tatu, da-wi-t, na ile ya mwisho haina irabu. Sisi nasi tuna matatizo yetu ya "m" katika "mtu", tunayoihesabu kuwa mizani kamili.

Tuje sasa kwenye kitabu. Waethiopia wenyewe hukiita kwa jina la mtunzi wake, Dawit. Ndani yake mna zaburi 151, moja zaidi ya zile tulizozizoea; kisha nyimbo 15 za manabii; kisha Wimbo Ulio Bora; na mwisho sifa za Mariamu zilizogawanywa kwa siku za juma, pamoja na utenzi wa sifa uitwao Lango la Nuru. (Nimeuita utenzi kwa kukosa neno bora, usinishike shati.) Hesabu ya zaburi hufuata ile ya Kigiriki, hivyo zaburi ndefu kuliko zote, ambayo katika Biblia zetu ni ya 119, huko ni ya 118, na sehemu zake hutajwa kwa majina ya herufi za Kiebrania. Kitabu hiki ndicho kilichonakiliwa kwa wingi kuliko vingine vyote vya Kige'ez. Sababu ni shule. Mtoto aliyepelekwa kwa mwalimu wa kanisa alianza na herufi, akaendelea na vifungu vifupi vya Agano Jipya, kisha akaingia Dawit. Aliyekwisha kusoma Dawit alihesabiwa kuwa amesoma.

Mswada wa namna hii hutengenezwa kwa ngozi, hasa ya mbuzi au kondoo. Ngozi hulowekwa, huwambwa katika fremu ya mbao, hukwanguliwa nyama na manyoya mpaka iwe nyeupe, kisha hukatwa kurasa. Mnakili hutoboa vitundu vidogo pembezoni na kuchora mistari kwa ncha ya chuma bila wino, ili maandishi yasipinde. Kalamu ni ya tete, kama ile ya mafundi wa Lamu. Wino mweusi hutokana na masizi. Wino mwekundu huandika vichwa vya zaburi na, katika sehemu ya mwisho, jina la Mariamu kila linapotokea. Kitabu hufungwa kwa mbao mbili na kutiwa katika mkoba wa ngozi wenye ukanda, mwenyewe akauvaa begani.

Nakshi ndizo humvutia mtu kwanza. Kuanzia karne ya 14 na 15 wanakili wa Ethiopia walipamba vichwa vya kurasa kwa misuko ya mistari iliyopakwa rangi, inayopindana kama ukili. Waliiita harag, yaani mmea utambaao. Katika Zaburi, msuko huo haukuwekwa ovyo. Aghalabu huangukia mwanzo wa kitabu na mwanzo wa kila kumi la zaburi, ili msomaji ajue amefika wapi. Kitabu kilichogharimiwa vizuri huwa pia na picha ya Daudi ameketi na begena, kinubi chenye nyuzi kumi. Mfano maarufu ni Zaburi ya Belen Sagad, iliyonakiliwa mwaka wa 1476 au 1477 (mwaka wao huanza Septemba, ndiyo maana ya "au"), ambayo sasa iko katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, Paris, na imejaa vipicha. Mingine ilitoka kwao kwa njia isiyo ya heri: Waingereza walipoiteka ngome ya Maqdala mwaka wa 1868, walichukua mamia ya miswada ya Mfalme Tewodros, na mingi yake ipo London hadi leo.

Lakini, msomaji, nakuomba usizubaishwe na rangi. Nami nilizubaa, nikatumia nusu ya kipindi kuwasifia wanafunzi ile misuko. Jambo kubwa zaidi limo katika kurasa zisizo na pambo lolote.

Zaburi huandikwa katika safu moja pana, na kila mstari wa utungo hukaa katika mstari wake. Wazo likiisha katikati ya ukurasa, mnakili huacha upande wa kulia mtupu na kuanza mstari mpya. Wazo likizidi upana wa ukurasa, hauvunji mstari: hubana herufi, na zikikataa kutosha huyaandika maneno yaliyobaki kwa udogo juu au chini ya ncha ya mstari uleule, na kuyatia alama ili yasichanganywe na ya jirani. Anaweza kukosa rangi nyekundu nzuri, anaweza kukosa mchoraji, lakini mstari haukatwi.

Je, huenda alifanya hivyo kwa sababu ngozi ilikuwa nyingi? La. Ngozi ilikuwa ghali, na kitabu kimoja kilihitaji mbuzi wengi. Ushahidi kwamba alijua kubana nafasi umo katika kitabu hichohicho: akifika kwenye sifa za Mariamu, kwa kawaida hugawa ukurasa katika safu mbili na maneno yakafuatana yakajaza. Hapo hakuna mstari wa kulindwa. Kwa hivyo ule utupu wa upande wa kulia katika zaburi ni wa makusudi. Ni mnakili anayegharimia ngozi ya mbuzi ili mstari wa shairi ubaki mzima. Nami nilikuwa nimeuvunja kuokoa karatasi ya shilingi chache.

Mstari huo unalinda nini? Zaburi hazina vina kama vyetu wala idadi maalumu ya mizani. Kinachozijenga ni usambamba: wazo hutajwa, kisha hurudiwa kwa maneno mengine, au hupingwa, au huongezwa nguvu. Kizio chake ni wazo. Ukilivunja wazo mahali pasipofaa, usambamba hauonekani, na hapo ndipo wanafunzi wetu husema, "Mwalimu, hii ni nathari." Usiwalaumu. Tumewafunza kwamba shairi hutambuliwa kwa vina na mizani, kama alivyofundisha Amri Abedi katika Sheria za Kutunga Mashairi mwaka wa 1954, kisha tunawafunza kwamba kuna shairi huru, kama la Kezilahabi katika Kichomi cha mwaka wa 1974, na kwamba hilo halina sheria. Katikati ya hayo mawili tunaacha pengo kubwa. Zaburi si za vina, wala si huru kwa maana ya kukosa sheria. Zina arudhi yake, na mnakili Mwethiopia aliijua na kuichora.

Nilijaribu jambo hili darasani. Niliwapa wanafunzi picha ya ukurasa wenye Zaburi ya 150, na hakuna darasani aliyeweza kusoma herufi hata moja. Katika zaburi hiyo neno moja la kusifu hurudiwa mwanzoni mwa mistari, na katika miswada mingi wanakili hulipanga kwa namna ya pekee: neno lile hukaa moja juu ya jingine, likashuka ukurasani kama nguzo, na maneno yanayobadilika yakapangwa upande wa pili kwa nafasi iliyoachwa. Nikauliza tu, "Mnaona nini?" Kijana mmoja wa nyuma, ambaye kwa kawaida husinzia, akajibu, "Takriri." Kidole chake kilikuwa juu ya ile nguzo. Nikawaambia kwamba neno lenyewe lina mzizi mmoja na "sabihi" na "tasbihi" zetu zilizotujia kutoka Kiarabu, kwani Kige'ez na Kiarabu ni ndugu. Darasa likachangamka kuliko siku yoyote niliyowahi kufundisha takriri kwa fasili ya ubaoni.

Labda utasema, haya ni ya Wahabeshi, yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa kuwa pwani yetu ilikuwa na desturi iliyo karibu nayo. Kurani zilizonakiliwa Siyu, kisiwani Pate, katika karne ya 18 na 19 zina nakshi zao za rangi nyekundu, nyeusi na manjano. Muhammad Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka wa 1945, alikuwa mchongaji, malenga na mnakili, naye aliwanakilia tenzi kwa hati ya Kiarabu wataalamu wa Kizungu kama William Hichens na Ernst Dammann. Hata bila kuzama katika nakshi zake, angalia mpango. Katika miswada mingi ya tenzi, ubeti wetu wa vipande vinne hauandikwi kwa kushuka mistari minne kama katika vitabu vya shule. Huandikwa kwa mistari miwili, au hata kwa mstari mmoja unaokata ukurasa mzima, na alama ndogo zikitenga vipande. Ukiwa wa mstari mmoja, kile kina cha bahari ambacho hakibadiliki tangu mwanzo wa utenzi hadi mwisho hukaa ukingoni kushoto, kila ubeti chini ya mwenziwe, kikawa nguzo kama ya Zaburi ya 150. Msomaji akaiona bahari kwa macho kabla ya kuisikia.

Chapa ya Kirumi ilitupa mambo mengi mema, lakini iliibomoa nguzo hiyo. Ilipougawa ubeti katika mistari minne mifupi, kina cha bahari kikawa kimoja kati ya vinne, na mwanafunzi hana budi aambiwe kuwa ndicho kikuu. Sidai kwamba turudie hati ya Kiarabu katika shule za Meru. Nadai kwamba tunapouliza "utenzi una mishororo mingapi?" tujue kuwa jibu la "minne" limetokana kwa kiasi fulani na namna wapiga chapa walivyopanga kurasa, na kwamba mnakili wa Lamu angejibu vingine bila kukosea.

Yule binti nilimrudishia alama zake, na wenzake pia. Wiki iliyofuata niliandika ubeti wa utenzi ubaoni kwa mstari mmoja mrefu, kutoka dirishani hadi mlangoni, nikaweka nukta tatu kutenga vipande, kisha nikauliza idadi ya mishororo. Nilipata majibu matatu: mmoja, miwili na minne. Nikawataka wa kila jibu wajitetee, na kengele ikalia tukiwa bado tunabishana.